Jana Tumezika, Sauti Imerudi Leo

Ijumaa, Julai. Jua bado halijazama.

Upepo wa leo ni ule wetu wa Julai, unaoingia hata pale ulipoziba kwa matambara. Bati la jikoni linagonga tangu mchana na hakuna wa kupanda kulipiga msumari. Nimevaa koti la Kalisto juu ya kitenge changu, mkono wa mshipa, ule wanaouchoma siku za mashine, nimeulaza kwenye mto kwa sababu bado unauma pale walipochomoa sindano. Nina hasira. Anayetafuta maneno ya faraja aende akasome kwingine, leo hapa hayapo.

Sauti yangu imerudi.

Jana tumemzika mume wangu Kalisto, na jana sikuwa nayo.

Kwa aliyeingia humu leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Mama Tekla, nakaa Pito, figo zangu zote mbili zimekufa, na kila Jumatatu na Alhamisi naenda hospitali hapa Sumbawanga mjini kusafishwa damu kwa mashine. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa sauti. Kwenye kwaya walinisimamisha mstari wa nyuma kabisa ili nisiwafunike wenzangu, na bado niliwafunika. Msibani ndiyo usiseme. Kuna wanawake wanaoitwa kupika, kuna wanaoitwa kuteka maji, mimi nilikuwa naitwa kuanzisha kilio. Nikifungua mdomo pale mlangoni, hata yule aliyekuja kwa ajili ya wali anajikuta anatafuta leso. Nimewalilia watu ambao sikuwapenda. Kuna jirani alikuwa ananiibia kuku, alipofariki nikamlilia vizuri kabisa, mpaka mkewe akaja kunishukuru.

Halafu figo zikanishika.

Figo zikifa haziondoki peke yake, zinavuta na nyama za mwili. Mapaja yanalegea, mikono inalegea, ukipanda ngazi za kanisani unashika ukuta. Hayo niliambiwa na nikayazoea. Ambalo sikuambiwa ni la pumzi. Nikawa nikiongea sentensi moja lazima nipumzike. Nikifua shuka moja naketi. Nilidhani ni kifua, wakanipiga picha, kifua kizima. Ndipo Eliya, kijana wa mazoezi ya viungo pale hospitali, akanieleza kwamba hata pumzi inavutwa na misuli. Iko kati ya mbavu, na mwingine mpana umetandazwa chini ya mapafu, na kwa sisi watu wa mashine misuli hiyo nayo inakonda na kuchoka kama ya mapaja. Ongeza maji yanayojaa mwilini kati ya siku moja ya mashine na nyingine, basi umekwisha. Mapafu yapo, wa kuyavuta hayupo.

Alinitembeza kwenye korido, kutoka mlango huu hadi ule, akawa ananitazama ninavyohema huku anaandika. Nilimchukia siku hiyo. Mimi niliyekuwa nabeba debe la maharage kichwani kutoka shamba huku naimba, leo natembezwa korido na mtu ananiambia, "Hongera mama, umejitahidi." Nimejitahidi nini, kufika mlangoni?

Akanipa kibomba cha plastiki chenye springi ndani. Unakiweka mdomoni, unavuta hewa, nacho kinakubania makusudi ili misuli ifanye kazi. Asubuhi na jioni. Akasema nisitegemee muujiza, ni kazi ya wiki nyingi, lakini wengi wanaona nafuu.

Aliyekipenda kibomba kile ni Kalisto. Jioni alikuwa anakaa mbele yangu kwenye kigoda, amekishika kwa chini kama anayemnywesha ndama, anapiga kelele, "Vuta, mama, vuta! Ng'ombe huyo anatoroka!" Mimi nacheka, hewa inaniishia, tunaanza upya. Na tukitembea barabarani, kila nilipokaribia kuishiwa pumzi yeye alisimama, akatoa simu mfukoni, akaitazama kwa makini kama aliyepata ujumbe mzito. Mtaani wakaanza kusema mume wa Mama Tekla ana wanawake kwenye simu. Siku moja nikaichungulia. Ilikuwa imezima, haina chaji hata kidogo. Sikumwambia kwamba nimeona, akaendelea kupokea ujumbe wake.

Jumanne lori la mahindi lilimgonga njia ya Mpui. Alikuwa kwenye pikipiki. Hakufika hospitali.

Naandika hapa kitu ambacho sitakisema mbele ya mtu. Waliponiletea habari, wazo langu la kwanza halikuwa yeye. Lilikuwa: nani atanipeleka Alhamisi? Likapita haraka, nikaanguka chini kama wanavyoanguka watu wengine. Lakini ndilo lililotangulia, na mimi nililiona.

Kila mtu alikuwa anasubiri msiba wangu, si wake. Wifi yangu Skola, dada yake mkubwa Kalisto, mwaka jana aliniuliza kwa upole kabisa kama nitapenda kuzikwa kwetu au kwao. Nilimjibu anizike popote mbali na yeye. Tulicheka wote wawili. Si kwamba alikuwa mtu mbaya, na nataka nimtendee haki hapa ingawa hastahili.

Jumatano tukaenda Mpui, nyumbani kwao. Mazishi yakapangwa Alhamisi, siku yangu ya mashine. Nikapiga simu kitengo cha mashine, nesi akasema, "Mama, usikose jamani, maji yatakujaa." Nikamwambia namzika mume. Akasema niende Ijumaa asubuhi na mapema, watanitafutia kiti. Ningefanya nini? Mjane asiyeonekana kaburini, ukweni kwake hata mbwa hawatamjua tena.

Kwao wana utaratibu wao. Jeneza likiwa ndani, wanawake wanalia kila mtu kwa wakati wake. Lakini likinyanyuliwa kutolewa nje, wote wananyamaza. Wa kwanza kupaza sauti ni mjane. Hakuna anayemtangulia, hata mama mzazi wa marehemu. Akishapaza yeye, ndipo wengine wanaingia, na safari ya kaburini inaanza. Nilikuwa naujua utaratibu huo. Alipokufa baba mkwe nilimwona mama mkwe, Mungu amrehemu, anapaza pale mlangoni mpaka mbuzi zizini wakaacha kula.

Na wao walikuwa wanaijua sauti yangu. Ndiyo maana walinitunza. Tangu nilipofika, wifi Skola alinikalisha kwenye mkeka karibu na moto, akaniletea uji wa ulezi kwenye kikombe kikubwa cha bati. "Kunywa, wifi yangu. Upate nguvu ya kumlilia." Nikanywa. Akaleta mwingine. Mama mdogo wa marehemu akaja na chai ya rangi. Kila mwanamke aliyeingia mle ndani alikuwa na kitu cha moto mkononi, na kila mmoja alisimama anione nikimaliza.

Mtu wa mashine anapimiwa maji, hata supu inahesabiwa. Nilisema mara moja tu, "Mimi sitakiwi kunywa sana." Wakatazamana. Mjane anayekataa uji wa msiba wa mumewe, anaogopa nini? Nikaona macho yale nikashika kikombe. Na niseme yote: nilikunywa pia kwa sababu nina kiu ya miaka. Aliyekuwa akinitoa kikombe mkononi amelala chumba cha pili ndani ya sanduku. Uji ulikuwa mzito, una maziwa na sukari, na hakuna wa kunizuia.

Walininywesha ili nilie, na walichoninywesha ndicho kilichonikaba.

Alhamisi asubuhi viatu vilikataa kuingia miguuni. Nikaazima kandambili. Nililala nimeketi nimeegemea ukuta, maana nikilala chali nazama. Nikawaambia sijisikii vizuri, wakasema nani anajisikia vizuri siku ya kumzika mume.

Mchana wakalinyanyua. Shemeji Festo, mdogo wake Kalisto, alikuwa mbele. Wanawake wakajifunga vitenge viunoni, wakanigeukia, pakawa kimya. Nikasimama mlangoni. Kazi hii naijua. Unavuta kutoka chini, tumbo linatanuka, mbavu zinafunguka, halafu unaachia. Nikavuta. Iliyoingia ilikuwa hewa ya juu juu, ya kutosha kuzima kiberiti. Nikaachia, kikatoka kitu kama mtu anayeita paka. Nikajaribu tena, kikatoka kikohozi.

Nilikuwa nalia. Nilikuwa nalia mpaka mbavu zinauma, Kalisto, kama unasikia, nilikuwa nalia. Lakini machozi upepo ule wa Mpui uliyakausha kabla hayajashuka, na mtu anayelia bila sauti, ukimtazama kutoka uani, ni mdomo wazi tu. Wabebaji walisimama na uzito wao begani. Mtoto mchanga wa mtu akaanza kulia, wakamziba kwa titi. Nikaona midomo ya wanawake inatetemeka, wanataka kuingia, wananisubiri mimi.

Mwishowe wifi Skola akapaza yeye. Alipaza huku ananitazama usoni, na tangu wakati ule hajaniita tena wifi yangu.

Makaburi yao yako mlimani, unapandisha shamba lililokwisha kuvunwa, matuta matupu. Jeneza lilipanda haraka, wanaume walitaka kuutua mzigo. Mwanangu Tekla alikuwa amenishika mkono. Ana miaka tisa. Tulipofika tuta la kwanza nikaketi. Tukainuka, tukatembea, nikaketi tena. Shemeji Festo akarudi mbio, akasema atachukua pikipiki anipakie. Sauti ya Skola ikatoka mbele, "Pikipiki ndiyo imemuua, halafu mkewe apelekwe kaburini kwa pikipiki? Aje kwa miguu yake." Nikainuka.

Wakanipita. Wengine walisema pole, wengine walitazama mbele. Wawili walipunguza mwendo karibu yangu ili nisikie. Mmoja akasema, "Misiba ya watu analia mpaka tunaumwa masikio. Wa mumewe, kimya." Mwenzake akasema, "Anajua alichokifanya huyo."

Juu kule katekista akamwita mtoto wa marehemu aje mbele. Tekla akanitazama. Nikampungia mkono aende, maana hata neno "nenda" nilikuwa sina pumzi ya kulitoa. Akaniachia mkono akakimbia. Anavyokimbia, jamani, anapanda kilima kama hakuna kilima.

Nilipofika wameshafukia nusu. Katekista akawasimamisha wenye majembe nikamtupia udongo wangu. Sikumwona akishuka. Mume wangu aliyekuwa anasimama njiani kunisubiri, jana walimshusha bila kunisubiri.

Baada ya kula wakakaa kikao uani, jua bado liko juu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nahema. Wifi Skola hakuzunguka. "Sisi si watoto," alisema. "Mgonjwa ni wewe, aliyekufa ni kaka yangu. Ulikuwa unakwenda, sasa amekwenda yeye, wewe umebaki. Na jeneza linatoka ndani, unashindwa hata kuigiza."

Tukisafiri nje ya mkoa watu wanatucheka, ukisema tu unatoka Sumbawanga wanakuuliza umekuja na basi au na ungo, kama mchawi. Tunakasirika, tunasema huo ni ujinga, sisi ni watu wa kulima na kusali. Halafu tunarudi nyumbani, tunakaa uani, tunasemana hivyo hivyo wenyewe kwa wenyewe.

Nikajaribu kueleza. Fikiria kueleza jambo ambalo limekunyima pumzi ya kulieleza. Nikasema, "Ni misuli." Mzee mmoja akauliza, "Nini?" Nikapumzika. "Misuli. Ya pumzi. Imechoka." Mtu wa nyuma akasema, "Kumbe kulia nako kuna misuli!" Wakacheka. Msibani, udongo haujakauka, wakacheka, na sitawalaani wote, wengine walicheka kwa aibu.

Ndipo Skola akatoa lile alilokuwa amelitayarisha. Tekla abaki Mpui, ataandikishwa shule pale pale. "Wewe pumzi ya kumwita mtoto aje kula huna. Utamlea na nini?" Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Festo akatazama viatu vyake. Festo ni mtu mwema, na wema wake hauna kazi yoyote mbele ya dada yake.

Ningepigana. Wale wanaonijua wanajua ningesimama juu ya kile kiti. Lakini Tekla alikuwa amesimama nyuma ya shangazi yake, ameshika kitenge chake, na akaniuliza yeye mwenyewe mbele ya watu wote.

"Mama, mbona hukumlilia baba?"

"Nimelia," nikasema.

"Mimi sikusikia."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasema alichokiona. Asubuhi ya leo Festo alipokuja kunirudisha mjini kwa gari la kuazima, Tekla alitoka nje akanisalimia shikamoo kutoka mbali, akaniambia nipone. Nikaondoka kwa sababu ningebaki ningekufa, na mama aliyekufa hadai mtoto. Nimejirudia maneno hayo njia nzima. Yana mantiki nzuri na hayajanisaidia kitu.

Kitengoni wakanipandisha kwenye mizani. Nesi akashika kiuno. "Mama Tekla! Umekunywa Ziwa Rukwa?" Halafu akakumbuka nimetoka wapi, akaniomba msamaha mpaka nikaona aibu. Wakanichoma sindano, mashine ikaanza kuzunguka, na mimi nikafumba macho.

Kwenye kiti cha jirani yangu alikuwepo Mzee Masanja, Msukuma, mfugaji wa kule chini bondeni Kaoze. Siku zake ni Jumanne na Ijumaa, kwa hiyo hatujazoeana. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akaniuliza mbona leo niko hapa. Nikamweleza kidogo kidogo, huku mashine inanitoa maji. Nilipofika pale mlangoni, pale sauti ilipokataa, yeye hakucheka wala hakusema pole.

"Ng'ombe wangu siku hizi nikiwaita hawaji," alisema. "Nilikuwa napiga mluzi mmoja tu, kundi zima linageuka. Sasa natoa upepo. Wananitazama, wanaendelea kula. Nadhani wanajua kama nimeshakufa."

Nikacheka. Nilicheka kweli, na katika kucheka nikagundua kicheko kimekuwa kirefu. Hewa imeingia. Maji yalikuwa yameshatoka ya kutosha, na hewa imeshuka mpaka chini kabisa, mbavu zimefunguka kama zamani. Nikavuta tena kujaribu. Ikaingia.

Basi kikatoka.

Sikukiita. Kilitoka chenyewe, kile nilichokuwa nakitafuta jana mlangoni, chote, na jina lake ndani yake. Nilimlilia Kalisto kwenye kitengo cha kusafisha damu, nimefungwa kwenye mashine, mkono mmoja sitakiwi kuutikisa. Nilililia simu yake iliyozima. Nilililia kigoda chake. Nesi akaja mbio akidhani sindano imechomoka, akaikagua, akaniinamia, "Mama, mama, taratibu, wagonjwa wengine wanapumzika." Ndiyo hivyo. Jana walinisubiri nilie nikashindwa, leo nalia naambiwa napiga kelele.

Mzee Masanja akavua kofia. "Muacheni," aliwaambia. "Anazika."

Eliya alikuwa anapita korido. Akachungulia mlangoni, na uso wake, nakuapia, ulikuwa na furaha. "Mama Tekla! Leo umevuta mpaka chini kabisa!" Nesi akamkanyaga mguu. Alipoambiwa, akaona aibu, akakaa kwenye stuli karibu yangu asijue aweke wapi mikono. Maskini, ndiye mtu pekee aliyekuwa ameisubiri sauti ile kwa wiki zote hizo, na sikuwa na moyo wa kumchukia tena.

Nilipotoka nikaketi kwenye benchi la nje, juani, nikapiga simu Mpui. Nilikuwa na haraka. Nilitaka Tekla anisikie wakati sauti bado ipo, nimwambie, haya, sikiliza, huyu ndiye mama yako. Simu akapokea Skola.

"Shikamoo wifi," nikasema. Ni mkubwa kwangu, na nilikuwa na shida. "Naomba niongee na Tekla."

Hakuitika. Nikasikia kuku nyuma yake, na mtu anachota maji.

"Kumbe sauti unayo," alisema.

"Ni mashine, wifi. Imetoa maji, ndiyo maana..."

"Jana uliiweka wapi?"

Akakata.

Nimekaa na simu mkononi mpaka Festo alipokuja kunichukua. Nimewaza jambo baya, nalo liandikwe. Ningepiga simu nikiwa nahema kama jana, pengine angenihurumia. Pengine angesema, maskini, kumbe ni mgonjwa kweli. Nikiwa sina pumzi mimi ni muuaji asiyelia, nikiwa nayo mimi ni mwongo. Skola anampenda kaka yake, na ana haja ya mtu wa kumlaumu, na dereva wa lori hajulikani alipo. Mimi niko karibu. Naelewa kabisa. Kuelewa kwangu hakumrudishi mtoto.

Sasa niko nyumbani. Nilipovaa koti hili nilitia mkono mfukoni kwa ajili ya baridi, nikakuta kibomba. Jumanne asubuhi sikufanya zoezi, nilimwambia Kalisto nimechoka. Akakitia mfukoni akasema jioni basi. Halafu akatoka na jaketi lake la pikipiki, koti likabaki kwenye msumari.

Nimekiweka mdomoni. Nimevuta, kikabana. Nimevuta tena. Hakuna wa kuniambia ng'ombe anatoroka, nimejisemea mwenyewe, na imesikika vibaya sana ndani ya nyumba hii.

Nimeshaupanga mwili wangu. Siku yangu nzuri ni ile inayofuata mashine, kabla maji hayajarudi. Jumatatu nitasafishwa, Jumanne nitapanda gari la Mpui. Wikiendi yote sitagusa kikombe cha mtu, hata aje na uji wa dhahabu. Sitakwenda kubishana na wifi Skola, maneno mengi yananimaliza na yeye analijua hilo. Hata uani kwake sitaingia. Nitashuka barabarani, kituoni pale, nitasimama mpaka moyo utulie. Kutoka pale hadi mlango wake pana uwanja mpana wa kuanikia mahindi. Nitavuta kutoka chini, na nitamwita mwanangu kwa jina lake.

Labda shangazi yake atamzuia. Labda mwenyewe hatataka kuja, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko kaburi. Lakini nitamwita. Safari hii asije akasema hakusikia.